Uzee, Kiti na Wajibu

Ipo katika lugha yetu salamu moja ambayo haisemwi ila kwa mtu aliyekuzidi umri au daraja. Mtoto huisema kabla hajajua kufunga kamba za viatu vyake, na mtu mwenye wajukuu huisema vilevile akutanapo na aliyemtangulia. Shikamoo hutolewa, marahaba huitikiwa, na jambo huonekana limekwisha. Lakini sisi ambao siku hizi tunaitikia mara nyingi kuliko tunavyoamkia, tumeanza kujiuliza kama marahaba ni malipo ya kutosha. Jamii inapompa mtu heshima kwa sababu ya umri wake, je, inamdai nini? Inamtaka apumzike kwa kuwa zamu yake imekwisha? Inamtaka aendelee kushika usukani kwa kuwa njia ameiona? Au lipo jambo la tatu, lisilo mapumziko wala usukani, ambalo hatujalipatia jina lililo wazi?

Tunalileta swali hili mbele ya walimu na wanafunzi wa sekondari kwa makusudi. Kijana asidhani kwamba ni shauri la wazee peke yao. Kila anayesoma ukurasa huu, akijaliwa, atakuwa mzee; na kabla ya hapo ataishi miaka mingi chini ya maamuzi ya wazee, ama akifaidika nayo ama akiumia.

Sheria za utumishi hulijibu swali letu kwa tarakimu. Kwa kawaida mtumishi wa umma katika Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akitimiza miaka 55, na hana budi kustaafu akitimiza miaka 60. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo imeuweka mwanzo wa uzee katika miaka hiyo 60. Tarakimu hizi zina faida yake, maana bila mpaka ulioandikwa wachache sana wangeondoka kwa hiari yao. Lakini sheria ya kustaafu humwondoa mtu kazini tu. Haimwambii aende wapi na yale anayoyajua, wala haiwaambii waliobaki wayatafute wapi yatakapohitajika.

Wahenga wetu nao hawakusema kauli moja. Walisema penye wazee haliharibiki neno, wakasema kuishi kwingi ni kuona mengi. Lakini ni hao hao waliotuachia onyo kwamba mpanda ngazi hushuka. Tena katika makabila kadhaa ya Afrika Mashariki jambo hili halikuachiwa methali pekee, bali lilitengenezewa utaratibu wa marika. Tuwatazame Wamasai. Sherehe yao ya Olng'esherr ndiyo huwatoa watu katika umorani na kuwaingiza katika daraja la wazee. Na mwaka 2018 shirika la UNESCO liliziandikisha sherehe hizo za Wamasai wa Kenya katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Jambo linalotuvutia zaidi katika utaratibu huo ni kwamba rika jipya la vijana halilelewi na rika lililo karibu nalo, ambalo kwa kawaida hushindana nalo, bali hulelewa na rika la juu yake tena. Wazee hao huitwa kwa jina la vijiti vya kupekechea moto, kwa sababu ndio wanaouwasha moto wa rika jipya. Basi mtu aliyekwisha kuweka mkuki chini hakuwa amemaliza kazi. Alikuwa amepewa kazi ambayo mwenye mkuki asingeweza kuifanya, kwa sababu mwenye mkuki bado ana cha kushindania.

Tukumbuke maneno hayo, bado ana cha kushindania, maana tutayarudia.

Katika taifa letu neno linalolieleza jambo hili tulipewa na Mwalimu Julius Nyerere. Alilichukua katika lugha yake ya Kizanaki, akaliingiza katika Kiswahili, na leo hata mtoto wa shule ya msingi anajua kung'atuka ni nini. Watu wengi hulikumbuka kwa mwaka 1985, alipoacha urais akiwa na umri wa miaka 63 na kumwachia Ali Hassan Mwinyi. Sisi tungependa vijana wakumbuke pia mwaka 1962. Mwezi Januari wa mwaka ule, wiki chache tu baada ya Uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, naye akaenda kukijenga chama mikoani. Alikuwa hajatimiza hata miaka 40. Mwezi Desemba alirudi akiwa Rais, kwa hiyo haifai kukikuza kitendo kile kupita kiasi. Lakini inatosha kuonyesha kwamba mtu aliyeondoka kitini uzeeni alikuwa amekwisha kuujua uzito wa kuinuka tangu ujanani. Mtu asiyewahi kuacha jambo lolote alilolipenda hawezi kujifunza kuacha akiwa na miaka 70, viungo vinapomuuma na watu wanaomzunguka wanapomwambia kila siku kwamba bila yeye nyumba itaanguka.

Hata hivyo hatutaki kuandika sifa tupu. Mwalimu alipoacha urais mwaka 1985 hakuacha uenyekiti wa Chama Cha Mapinduzi. Aliendelea nao hadi mwaka 1990. Wakati ule Katiba ilikipa chama kimoja kauli ya mwisho katika mambo ya nchi. Kwa hiyo kwa muda wa miaka mitano palikuwa na Rais aliyeshika serikali, na juu yake mwenyekiti aliyekuwa Rais wa jana. Je, huko kulikuwa kung'atuka? Wapo waliosema kwamba nchi ilihitaji mkono wa kuishikilia wakati wa mageuzi magumu ya uchumi, na wapo waliosema kwamba kiti kimoja kiliwekwa watu wawili. Rai yetu ni kwamba miaka ile mitano ni sehemu isiyo wazi katika mfano ulio mzuri, na mwalimu anayefundisha historia asiiruke. Inatuonyesha kwamba hata mtu aliyetupa neno lenyewe hakuliona kuwa jepesi kutendwa.

Baada ya 1990 hakuwa na cheo chochote nchini. Hapo ndipo swali letu linapokuwa safi zaidi, na ndipo pia linapokuwa gumu. Mwaka 1990, akiwa ndiye aliyeiongoza nchi kuingia katika mfumo wa chama kimoja mwaka 1965, alisema hadharani kwamba si dhambi kuujadili mfumo wa vyama vingi. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikusanya maoni. Wengi wa waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, lakini Tume ilipendekeza mabadiliko, na mwaka 1992 sheria ilibadilishwa. Tunaliona hili kuwa tendo kubwa la uzeeni kuliko mengi yanayotajwa. Kijana akibadili mawazo huambiwa anakua. Mzee akibadili mawazo hukiri kwamba sehemu ya maisha yake ingaliweza kuwa vingine, na gharama hiyo hulipwa hadharani, mbele ya watu waliomfuata.

Kisha ukaja mwaka 1993, Bunge lilipokubali hoja ya kuundwa kwa serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Mzee aliyekuwa amestaafu alitoka Butiama, akapinga kwa nguvu, akakutana na viongozi, na baadaye akaandika kitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Hoja ile haikuendelea. Hakuwa na amri ya kutoa. Alikuwa na hoja na kalamu, kama mwananchi mwingine yeyote. Lakini je, kauli yake ilikuwa kweli kauli ya mwananchi mwingine yeyote? Hapa ndipo palipo na mwiba. Mtu mkubwa anaweza kukiacha kiti, lakini hawezi kuliacha jina lake mlangoni kama viatu. Anaposema, wasikilizaji huisikia hoja na huisikia sauti, wala hawawezi kuzitenganisha barabara. Kwa sababu hiyo wengine wangependa mzee wa namna hiyo anyamaze kabisa. Sisi hatukubali. Anayeona ufa na akanyamaza ili kuilinda heshima yake ya mstaafu hatofautiani sana na anayekikumbatia kiti ili kuilinda heshima hiyo hiyo. Tunachokubali ni kwamba mzee mwenye jina kubwa anadaiwa ushahidi mwingi zaidi kuliko wengine. Aandike sababu zake ili zipingwe. Asitegemee kwamba ukimya wa waliomheshimu ni makubaliano. Kitabu kinaweza kujibiwa, lakini uso wa mzee uliokunjamana kwa hasira haujibiki.

Kazi yake ya mwisho haikuwa na mwiba huo. Kuanzia mwaka 1996 alikuwa msuluhishi katika vita vya Burundi, akizikutanisha pande ambazo hazikutaka hata kuketi chumba kimoja. Hakuwa na jeshi wala hazina, wala hakuwa na cha kushindania katika nchi ile. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na mazungumzo yalikuwa hayajaisha. Aliyeipokea kazi ile ni Nelson Mandela, ambaye alikuwa ameacha urais wa Afrika Kusini mwezi Juni wa mwaka huo huo baada ya kipindi kimoja tu, akiwa na umri wa miaka 80. Mkataba ulitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Vita havikukoma siku ile, kwa kuwa baadhi ya makundi yenye silaha hayakuwamo. Lakini msingi ulikuwa umewekwa, na uliwekwa na wazee wawili waliopokezana kijiti cha moto, kama tulivyosema juu ya Wamasai.

Tumewataja wakubwa wa mataifa. Sasa inatupasa tuteremke hadi mahali tunapopajua wenyewe, kwa maana ni rahisi mno kuwahukumu marais.

Methali moja hutajwa kila wazee wanaposifiwa: jungu kuu halikosi ukoko. Mara nyingi husemwa kama kwamba ukoko ni kitu kinachopatikana bure. Waliokulia jikoni wanajua kwamba ukoko umeshika chini, haupakuliwi na upawa kama wali wa juu, bali hukwanguliwa. Ni mtamu, lakini lazima awepo mtu wa kuinama na kukwangua. Tena yapo mambo mawili yasiyotajwa na methali ile. Kwanza, ukoko uliochomwa kupita kiasi ni makaa tu. Si kila kilichokaa sana chunguni huwa chakula. Pili, jungu lenye ukoko usiokwanguliwa haliwezi kupikiwa tena wali mwingine ukatoka mzuri.

Sisi tulistaafu ualimu tukiwa na miaka 60, baada ya kufundisha kwa karibu miongo minne. Muda si mrefu tukaombwa kuingia katika bodi ya shule moja ya sekondari. Tulifurahi, na hatuoni sababu ya kuificha furaha hiyo. Mtu aliyezoea kengele humhuzunisha ukimya wa asubuhi. Katika vikao tulikuwa wa kwanza kusema, na mwenyekiti, aliyewahi kuwa mwanafunzi wetu, hakuwa na moyo wa kutukatiza.

Siku moja kijana mmoja, mwalimu wa biolojia, alileta pendekezo la kuchimba bwawa la samaki katika shamba la shule. Alikuwa amepiga hesabu zake: chakula cha wanafunzi wa bweni, mafunzo ya vitendo, na fedha kidogo za vitabu. Kabla hajamaliza tulisema kwamba jambo hilo lilikwisha kujaribiwa mwaka 1982, wakati tulipokuwa walimu vijana wa shule ile ile na Elimu ya Kujitegemea ikiwa na nguvu. Wanafunzi walichimba kwa majembe mwezi mzima, samaki wakatiwa, na kabla ya kiangazi kwisha maji yote yakanywewa na ardhi. Tulieleza kwa kirefu, hata tukawachekesha wajumbe kwa habari ya kunguru waliokuja kula samaki matopeni. Kikao kikacheka, pendekezo likawekwa kando, ajenda ikaendelea. Tulirudi nyumbani tukiamini kwamba tumeiokoa shule na hasara.

Mwaka uliofuata mwalimu yule alihamishwa. Alipokuja kutuaga, kwa adabu kama ilivyo desturi, alituuliza jambo moja: bwawa la mwaka 1982 lilichimbwa upande gani wa shamba, na kina chake kilikuwa futi ngapi. Tukamwuliza anataka kujua kwa nini sasa. Akasema kwamba alitaka kuuliza siku ile kikaoni. Alikuwa na habari kwamba mahali penye mchanga hutandikwa turubai la plastiki au hushindiliwa udongo wa mfinyanzi, lakini hakujua mchanga unaanzia wapi na unakwisha wapi. Upande wa bondeni huenda hakuna mchanga kabisa. Alidhani sisi ndio pekee tuliobaki tunaojua.

Naam, tulikuwa tunajua. Bwawa lilichimbwa juu, karibu na mabweni, ili wanafunzi wasitembee mbali. Upande wa bondeni ni udongo mweusi, ule unaoshika viatu wakati wa masika. Jibu alilolihitaji lilikuwa kinywani mwetu siku ile, nasi tukalitumia kama rungu. Haikuwa kwamba tulisema uongo. Kila neno tulilolisema kikaoni lilikuwa kweli. Kosa lilikuwa kwamba tulikuwa bado tuna cha kushindania. Tulikuwa tunashindana na kijana wa miaka 28 juu ya nani anaijua shule ile.

Tumelifikiri jambo hili mara nyingi, na tumeona kwamba tofauti kati ya kuizuia kazi ya umma na kuisaidia mara nyingine ni tofauti ya mpangilio wa maneno tu: kusema lilishindikana, au kusema lilishindikana hapa, kwa sababu hii. La kwanza hufunga mlango. La pili humpa mwenzako sehemu ya miaka yako aitumie kana kwamba ameiishi.

Yafaa pia tukumbuke kwamba nchi hii iliwahi kuwaona wazee wakishiriki kwa namna ambayo leo haitajwi sana, nayo ni kukubali kufundishwa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika miaka iliyofuata watu wenye mvi waliketi chini ya miembe na katika madarasa ya watoto, wakishika kalamu kwa vidole vilivyozoea mpini wa jembe, mwalimu wao akiwa mara nyingine kijana aliyemaliza darasa la saba. Mwaka 1975 wakafanya mtihani wa taifa. Tunajua mengi yalirudi nyuma baadaye. Lakini mzee aliyekubali kuambiwa na mtoto wa jirani kwamba herufi ile ameiandika kichwa chini alikuwa akishiriki katika ujenzi wa taifa kwa kiasi kilekile cha aliyepanda jukwaani, na pengine kwa gharama kubwa zaidi ya nafsi.

Lipo jambo jingine ambalo tusipolisema tutakuwa tumesema nusu. Tunaposema mzee, mara nyingi macho yetu humwona mwanamume mwenye kofia na bakora, ameketi safu ya mbele. Bibi Titi Mohamed alizaliwa mwaka 1926, na mwaka 1955 alianza kuiongoza sehemu ya wanawake ya TANU. Aliwafikia wanawake wa Dar es Salaam kupitia vikundi vyao vya ngoma, ambavyo yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji ndani yake. Baada ya Uhuru alishika nyadhifa, kisha akaangukia upande wa pili: alishtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo, akaachiwa kwa msamaha wa Rais mwaka 1972. Alikuwa na miaka 46, na milango ya shughuli za taifa ilikuwa imefungwa. Mwaka 1984 mtafiti kutoka Marekani, Susan Geiger, alimwendea na kumwomba asimulie maisha yake. Akasimulia. Sehemu kubwa ya yale tunayoyajua leo juu ya kazi ya wanawake katika kuupigania uhuru inatokana na masimulizi yake na ya wenzake, yaliyotoka katika kitabu mwaka 1997. Alifariki mwaka 2000, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Sisi hutufikirisha kwamba aliyekwenda kuukwangua ukoko ule alitoka ng'ambo ya bahari, ilhali sisi wenyeji, walimu wa historia tukiwamo, tulikuwa tukipita karibu na jungu kila siku.

Na hao ni wanawake wenye majina. Katika baadhi ya vijiji vya mikoa ya Mwanza na Shinyanga ajuza wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mojawapo ya dalili iliyotajwa dhidi yao ni macho mekundu. Macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka 50 wa kuwapikia watu, pamoja na baadhi ya waliowashuku. Mahali ambapo mama mzee hulala akihofia mlango wake kugongwa, maneno yote juu ya hekima ya wazee na nafasi yao katika jamii ni kelele. Kabla ya kumwuliza mzee anachangia nini, jamii ina wajibu wa kuhakikisha kwamba anaweza kuzeeka bila hofu.

Vijana mtatuuliza: je, tuwafuate tu, hata ninyi mnapokosea? La hasha. Mkuu ni jalala, na jalala hutupiwa kila kitu, pamoja na hoja za kumpinga. Tunachowaomba ni jambo dogo zaidi kuliko utii, nalo ni udadisi. Ulizeni mapema, tena ulizeni mambo madogo: mto ulipita wapi kabla ya daraja, nani aliupanda mti huu, kwa nini ushirika ule ulikufa. Mzee akijibu kwa rungu, rudini siku nyingine na swali lilelile. Kijana wetu wa biolojia alirudi, ingawa alichelewa kidogo.

Bado tumo katika bodi ile kwa kipindi kilichobaki, nacho hakitaongezwa, maana tumekwisha kuandika barua. Tumemwomba mwenyekiti atupe nafasi ya kusema baada ya wajumbe wengine, naye alishangaa, kisha akakubali upesi kuliko tulivyotazamia. Tumemwandikia pia mwalimu yule huko alikohamia, tukamchorea ramani ya shamba: mabweni, kisima, mahali mchanga unapoanzia, na ule udongo mweusi wa bondeni. Kina cha bwawa la 1982 tumekiandika futi nne, kwa kadiri tunavyokumbuka. Bado hajajibu.